Mikono ya mama haiko mukaba
(Maneno tuliyosema mbele ya wazazi, walimu na wa shofere, Lubumbashi)

 

Wengi munatujua juu ya maandamano: maji, umeme, mishahara ya walimu. Leo tunazungumza juu ya mtoto mwenye kukaa ku magoti ya mama yake mu taksi. Ile pia ni kazi ya raia, juu yule mtoto hana sauti, na Leta haimuangalie.

Kila mama anasema: "Mimi namushika muzuri." Tunaamini. Lakini sisi tulisoma, kazi hatuna, hesabu tunajua. Basi tuhesabu. Gari inakimbia kilometa 50 kwa saa. Inagonga kamyo, inasimama mu nafasi ya nusu meta. Kwa ile dakika kidogo sana, mtoto wa kilo 10 anarushwa mbele na nguvu ya uzito wa kilo karibu 200. Ni magunia 4 ya simenti. Nani hapa anaweza kushika magunia 4 ya simenti kwa ghafula, na mikono mbili? Hata ku kilometa 30 kwa saa, mu njia ya kartie, inakuwa kilo 70. Mapendo ya mama ni kubwa, lakini mikono yake haiko mukaba.

Na kama mama mwenyewe hakufunga mukaba, anaenda mbele na uzito wake wote, na mtoto iko katikati yake na gari. Kufunga mukaba moja kwa watu wawili haisaidie: mwili wa mama unamufinya mtoto ku mukaba.

Kuko jambo ingine ya hapa kwetu. Tunatembeza upande wa kuume wa barabara, lakini taksi mingi zilitoka Japani, usukani iko kuume. Maana yake, mwenye kukaa mbele pembeni ya shofere iko upande wa katikati ya barabara, upande wa kamyo zenye kukuja. Na mlango wake unafungukia mu njia ya magari. Ni pale tunamuweka mama na mtoto, tunasema ni nafasi ya heshima! Mwenye anajua barabara ya Kasumbalesa ao ya Likasi, na zile kamyo za shaba, anaelewa tunasema nini.

Dawa inajulikana: kiti ya mtoto, yenye kufungwa ku kiti ya gari. Mtoto muchanga anakaa akiangalia nyuma. Juu ya nini? Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo haijakomaa. Akiangalia nyuma, mugongo ya kiti inabeba kichwa na shingo pamoja. Akae vile mpaka miezi 15 kwa uchache. Kisha anapata kiti yenye mikaba yake mwenyewe. Akikomaa, anakaa ku kiti ya kumuinua, mpaka urefu wa sentimita 135 hivi, ili mukaba ya gari ipite ku bega na ku nyonga, siyo ku shingo na ku tumbo. Kiti yenye kuangalia nyuma, hapana kuiweka mbele mahali kuko puto ya hewa: ikifunguka inapiga kiti na kuua. Shirika la afya ya dunia, OMS, linasema kiti kama hii inapunguza vifo vya watoto wachanga mu aksida kwa 71%.

Tunasikia mukisema: "Vijana, ile ni vitu vya matajiri." Kweli, bei ni kubwa, na sisi wenyewe hatuna mfuko. Lakini kuko mambo yenye haiombe franka hata moja.

Ya kwanza: mtoto akae nyuma, kila siku, hata safari ikiwa fupi.

Ya pili: kama mukaba iko, mtoto mwenye kukaa peke yake afungwe yake. Ndugu shofere, mara mingi mukaba iko, imefichwa chini ya kiti. Itoe.

Ya tatu: mzazi iko na haki ya kusema "shofere, polepole." Ile haiko matusi.

Ya ine: ku moto, hapana kumuweka mtoto ku tanki mbele ya manseba, ni yeye atagonga wa kwanza. Mtoto mwenye miguu haijafika mahali pa kukanyaga, asipande. Mwenye kupanda, avae kofia ya kichwa chake, siyo ya baba.

Ya tano: kama ndugu wa Ulaya anakuletea kiti yenye ilishatumika, uliza kama ilishakuwa mu aksida. Kama ndiyo, ama kama plastiki imepasuka, usiitumie.

Sasa, Leta. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Watoto wa ile mwaka leo ni wazee. Sheria ya kulinda mtoto ni ya 2009. Tunaomba mambo matatu:

1. Wabunge waandike wazi mu sheria ya barabara namna mtoto anabebwa mu gari na ku moto.
2. Kiti za watoto na kofia za watoto zisilipishwe ushuru ku mpaka.
3. Polisi ya barabara, wakisimamisha gari, waangalie kwanza watoto mbele ya kuangalia karatasi. Na bisi za masomo zihesabiwe: mtoto moja, nafasi moja.

Ile itachukua wakati, na tutaifuata bila kuchoka. Lakini kesho asubuhi hakuna sheria mupya. Kuko paka wewe, mama, na taksi yenye kusimama mbele yako. Kama nafasi yenye kubakia ni ile ya mbele, acha ipite. Ingine itakuja.