Maagizo Marefu Hula Fedha

Vijana wengi waandishi wa programu siku hizi husaidiwa na akili bandia. Msaidizi wa namna hiyo, kama Claude Code iliyotoka mwaka 2025, husoma faili la maagizo kila anapoanza kazi. Kila kipande cha neno, yaani tokeni, huhesabiwa kama uniti za LUKU. Faili la tokeni 5,000 likisomwa mara 20 kwa siku, tokeni 100,000 zimekwisha kabla ya kazi yenyewe. Tena agizo zito, “usifute kumbukumbu za wateja”, hufunikwa na porojo. Mimi nasema: ondoeni yale ambayo msaidizi atayaona mwenyewe ndani ya programu. Yanayohitajika mara chache yawekeni faili la pembeni. Agizo fupi ndilo linaloshikwa.