Ufito na Mlinganyo: Kiswahili katika Utafiti wa Uzamivu wa Hisabati

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hutosha kwa fasihi na siasa, lakini huishiwa pumzi mlangoni mwa hisabati ya juu. Dai hilo halipimwi kwa msamiati wa shule ya msingi; kipimo chake stahiki ni utafiti wa uzamivu wenyewe. Mhadhara huu unachukua uwanja mmoja mgumu: splaini na jiometri ya aljebra.

Splaini ilianzia karakanani. Waunda meli wa Uingereza waliliita hivyo kipande chembamba cha mbao kilichopindishwa na kushikizwa katika nukta chache ili kuchora umbo la chombo. Mwaka 1946 mwanahisabati I. J. Schoenberg aliliazima jina hilo kwa vipande vya polinomia vinavyounganishwa bila kona. Mswahili naye anao ufito, mti mwembamba unaofungwa kwenye nguzo za nyumba ya udongo. Njia iliyompa Mwingereza istilahi iko wazi pia kwa Mswahili.

Hata hivyo, jina si maarifa. Yafaa kuuliza kama hoja yenyewe inasemeka. Chukua uso uliogawanywa katika pembetatu, kila pembetatu ikiwa na polinomia yake. Muungano utakuwa laini, yaani miteremko italingana mpakani, iwapo tu tofauti ya polinomia mbili jirani inagawanyika bila baki kwa mraba wa mlinganyo wa mstari unaozitenga. Hapo ulaini, ambao ni jambo la umbo, umegeuka kuwa ugawanyikaji, ambao ni jambo la aljebra.

Ugumu huanza mtu anapohesabu splaini huru zilizopo. Morgan na Scott walichunguza pembetatu kubwa yenye pembetatu ndogo ndani yake, mgawanyo wa vipande 7. Kwa polinomia za digrii 2, splaini huru ni 6 kwa kawaida. Vipeo vikipangwa kwa ulinganifu kamili, huwa 7. Idadi ya pembetatu haikubadilika, wala namna zinavyopakana. Ni mahali pa vipeo tu. Kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi. Mwaka 1988 Louis Billera alitumia homolojia kuthibitisha, kwa vipeo visivyo na mpangilio maalumu, kisio la Gilbert Strang la mwaka 1973. Zana hizo ziliendelezwa na Henry Schenck katika utafiti wa uzamivu aliouhitimisha mwaka 1997, Chuo Kikuu cha Cornell.

Maelezo hayo yametumia maneno machache tu ya kuazima. Kwa hiyo kinachopungua si uwezo wa lugha, bali mazoea ya kuitumia. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie hadi elimu ya juu, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Wanaistilahi wakiendelea kuunda orodha ambazo hakuna mwanahisabati anayezitumia, maneno hayo yatafia kabatini.

Hatua ya kwanza ni ndogo: kila tasnifu ya uzamivu ya hisabati iambatane na ikisiri ya Kiswahili, iliyoandikwa na mtafiti mwenyewe na kusomwa na mwanaisimu. Anayelazimika kueleza kwa lugha ya mamaye kwa nini 6 hugeuka 7 ndiye atakayejua ni istilahi ipi inahitajika, na ni ipi haina kazi.