Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo la kushangaza. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ni ghala la chakula la Tanzania. Mahindi yake hulisha hata miji ya mbali. Lakini uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Iringa, kati ya kila watoto 100 wa umri chini ya miaka 5, watoto 57 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko ilivyopasa umri wao. Njombe na Rukwa walikuwa kama 50. Nchi nzima walikuwa 30. Basi kosa si la shamba peke yake. Tutazame nyumbani.

Tumfuate mama siku moja. Alfajiri anachota maji, kisha anashika jembe. Mtoto wa mwaka mmoja anabaki na dada yake wa miaka minane. Dada naye ni mtoto: anamnywesha uji mtupu wa mahindi uliopoa, kisha anakwenda kucheza. Jioni mama anarudi amechoka, na chakula kinapoiva mtoto amekwisha lala. Mama huyu si mvivu wala si mjinga. Ana mikono miwili tu.

Tumbo la mtoto huyo ni dogo. Yampasa kula mara 3 au 4 kwa siku, na kuendelea kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Kimo kinachopotea katika miaka hiyo ni vigumu kukirudisha, na hata masomo yake huweza kurudi nyuma.

Sasa nasema nanyi akina baba. Gunia likiuzwa, nani hushika fedha? Kuku akitaga, yai huliwa na nani? Kumshika mtoto wakati mama anapika si aibu. Kubakiza debe la maharage na mayai machache si hasara.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Jana, mtoto mdogo wa nyumbani kwako alikula mara ngapi? Alikula nini? Nani alimlisha?

2. Ni kazi ipi ya mama ambayo mtu mwingine wa nyumba hiyo angeweza kuichukua?

Baba asiyeweza kujibu swali la kwanza, na aulize nyumbani leo hii. Kwaherini mpaka juma lijalo.