Majimbo: Funzo la Lancaster House

Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi madaraka yanavyogawanywa kati ya serikali kuu na majimbo hana haja ya kuanzia Marekani. Aanzie Lancaster House, jumba la hapa London, ambako katiba ya uhuru wa Kenya ilijadiliwa mwaka 1960, 1962 na 1963.

Chama cha KANU, chake Jomo Kenyatta, kilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU, chini ya Ronald Ngala, kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na kubwa na kupokonywa ardhi. Kikadai majimbo.

Kikapewa. Katiba ya mwaka 1963 iliweka majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, kila moja na bunge lake. Seneti ikawekwa kuyalinda.

Lakini serikali kuu, iliyokuwa mikononi mwa KANU, haikuwa na hamu ya kuyakabidhi majimbo fedha wala mamlaka. Novemba 1964 KADU ikajivunja na kujiunga na KANU. Ulinzi ulioandikwa ukabaki bila wa kuutetea. Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 12 mwaka huo, madaraka yalikwisharudi Nairobi. Seneti nayo ikavunjwa mwaka 1966.

Suala hilo lilirejea kwa sura nyingine katika katiba ya mwaka 2010: ugatuzi wa kaunti 47. Ulinzi na mambo ya nje ni ya serikali ya kitaifa; zahanati, kilimo na elimu ya chekechea ni ya kaunti. Kaunti kwa jumla zimehakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti imerudi. Hata hivyo, magavana wamelalamika mara kwa mara kwamba fedha huchelewa.

Kaunti si majimbo ya shirikisho, lakini muundo wa ugatuzi haubadilishwi bila kura ya maoni. Scotland, kwa upande wake, ina bunge lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1998 iliyopitishwa hapa Westminster, na kisheria Westminster inaweza kuibadilisha.

Basi wanafunzi wapewe katiba yoyote na maswali matatu: nani anaamua, nani anashika fedha, na nani anaweza kuyatwaa tena madaraka hayo? Majibu yatawaonyesha mengi kuliko jina la mfumo wenyewe.