Nafasi Iliyo Karibu na Mlango

Neno letu la leo latoka Injili ya Marko, sura ya pili. Watu wanne walimbeba mtu mwenye kupooza, wakamleta kwa Yesu huko Kapernaumu. Nyumba ilikuwa imejaa, hata mlangoni hapakuwa na upenyo. Basi wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha.

Mara nyingi nimehubiri imani ya hao wanne. Leo tuwatazame wale waliojaa mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kusikia Neno. Hakuna aliyekusudia kumzuia mgonjwa. Walisimama tu, na kusimama kwao kukawa ukuta.

Nawaza hivi kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Siku moja nilitoka Mwatate, nikapita Voi kununua sukari na majani ya chai kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Mbele ya supamaketi moja zimechorwa nafasi mbili karibu na mlango: moja ina alama ya kiti cha magurudumu, nyingine picha ya mama mjamzito. Ilikuwa saa saba mchana, nanyi mwalijua jua la Voi. Nafasi nyingine zilikuwa mbali. Nikajiambia, "Dakika mbili tu," nikaegesha gari penye picha ya mama. Mlinzi aliinua mkono, kisha akaiona kola yangu ya uchungaji, akaushusha.

Dakika mbili zikawa ishirini, maana ndani nilikutana na rafiki tukazungumza habari za harambee. Nilipotoka nilimkuta mama mmoja wa kanisa letu ameegemea nguzo, anahema. Alikuwa ametoka kliniki, mimba ya miezi minane, miguu imevimba hata viatu amevikanyagia visigino. Tuktuk iliyomleta haikupata pa kuingia, ikamshusha kule barabarani. Akanitazama, akatabasamu. "Bwana asifiwe, Mchungaji. Kumbe gari hili ni lako." Hakusema zaidi. Afadhali angenikemea.

Wako wasemao kwamba nafasi hizi ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote ipasavyo. Sheria ya watu wenye ulemavu ilitungwa mwaka 2003, na nyingine mpya mwaka 2025. Tena nafasi ya mwenye kiti cha magurudumu haichorwi pana kwa anasa. Lazima mlango wa gari ufunguke wote, kiti kikunjuliwe pembeni. Ukimbana ubavuni, hata kama hukuukanyaga mstari wake, umemfungia ndani ya gari.

Mama mjamzito hakutajwa katika kifungu hicho. Anategemea hiari ya mwenye duka, na haya zetu sisi wenye magari. Hata huyo aliyetajwa, Katiba haimsimamii pale saa saba mchana. Asimamaye pale ni mlinzi, naye aliiogopa kola.

Niliporudi kanisani nilikiona kibao kivulini, hatua chache kutoka mlangoni: MCHUNGAJI. Nilikuwa nimekipita miaka mingi. Nikawaomba wazee tukiondoe, nafasi ile iwe ya wasioweza kutembea mbali. Mzee mmoja akakataa, akisema heshima ya mchungaji itapungua. Tulibishana karibu saa nzima. Sasa kibao kimetoka, na gari langu hukaa chini ya mwarobaini karibu na choo. Lakini ngazi tatu za mlangoni zingalipo, na baba yetu mmoja mwenye magongo bado huinuliwa kwa makwapa kila Jumapili.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeona dari likitobolewa wala usikasirike, utusamehe sisi tuliosimama mlangoni. Umlinde mama yule siku yake itakapofika. Amina.