Rafiki wa Dhiki
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bangwe, Kigoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya urafiki na afya ya akili ya kijana. Sitakwenda mbali kutafuta mfano. Ukipanda mtumbwi wa injini hapa Bangwe ukafuata ufuko kuelekea kaskazini, kiasi cha kilometa 16 kupita mji wa Kigoma utafika Gombe. Hapo ndipo Bibi Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alipoanza kuwachunguza sokwe mwezi Julai 1960.

Mwaka 1972 alikufa sokwe jike mzee aliyeitwa Flo. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka 8 hivi, umri wa kujitafutia chakula. Lakini Flint alikuwa amemtegemea mama yake kupita kiasi. Mama alipoondoka, alijitenga, akaacha kula, akadhoofika. Haukupita mwezi naye akafa.

Mwaka 1987 homa ya mapafu iliwaua sokwe kadhaa wa Gombe. Mtoto mmoja, Mel, mwenye umri wa miaka 3 hivi, alibaki yatima bila kaka wala dada. Watafiti walidhani atakufa. Akajitokeza Spindle, kijana wa miaka 12 asiye ndugu yake, ambaye naye alifiwa na mama katika maradhi yale yale. Spindle alimbeba Mel, akamgawia chakula, na usiku akamlaza kwenye kiota chake. Mel akapona.

Ndugu zangu, sisi si sokwe. Hata hivyo visa hivi viwili vinatufundisha kwamba huzuni inaweza kumuua kiumbe mwenye nguvu zake, na kwamba mwenzi mmoja tu anaweza kumvusha kiumbe dhaifu. Mwaka 2016 watafiti wa msitu wa Budongo, Uganda, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa sokwe. Waliona kwamba sokwe akiwa na mwenzi wake wa karibu, homoni ya msongo hupungua, iwe wamepumzika au wanakabiliana na kundi jirani. Kumbe urafiki hauishii kwenye maneno, unaingia mpaka mwilini.

Tuje kwa vijana wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabuni basi bweni moja tu. Mmoja anawaza ada, mwingine wazazi wake wametengana, wa tatu anaogopa mtihani wa Kidato cha Nne. Mwalimu ana darasa zima mbele yake. Anayeona kwamba fulani halali usiku, hali, na hataki tena kucheza mpira, ni yule wa kitanda cha jirani. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Msaada huo unaweza kupangwa. Nchini Kenya, vijana waliotoka sekondari karibuni walifundishwa kuongoza vikundi vya wanafunzi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, kwa wanafunzi 413, yalionyesha kwamba sonona na wasiwasi vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Hawakuwa madaktari wale, walikuwa kaka na dada zao wa juzi.

Lakini nisiwadanganye vijana. Urafiki nao una mzigo wake. Mtafiti Amanda Rose wa Marekani alieleza mwaka 2002 kwamba marafiki wanaolirudia tatizo lile lile kila siku bila kutafuta njia, urafiki wao huwa wa karibu sana, na huzuni yao pia huwa kubwa. Kwa hiyo msikilize mwenzako, kisha umuulize: tufanye nini kesho? Na akisema anataka kujidhuru, hiyo si siri ya kutunza. Mwambie mwalimu unayemwamini siku hiyo hiyo, au piga simu namba 116, ya huduma kwa mtoto. Akikasirika, na akasirike. Hasira itapita, naye atakuwa hai.

Ninyi wavulana mnaoambiwa mwanamume halii, tazameni wavuvi wetu. Hakuna anayewacheka kwa kuvuta wavu pamoja. Mzigo mzito haubebwi na mmoja ili aonekane hodari.

Ndugu Mwenyekiti, chama chetu kimezoea kuchangia rangi na mabati, na ni vyema. Naomba tuongeze jambo moja lisilo na gharama kubwa: wale kati yetu waliomaliza shule karibuni wafundishwe, kisha kila muhula waje Jumamosi mbili kukaa na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, wasikilize zaidi kuliko kuhutubia. Shule ilitupa vyeti, na ikatupa marafiki. Vyeti vingi vimekwisha kazi, marafiki ndio hawa tumekaa nao leo.