Hotuba kwa Waliosoma Pamoja Chuoni



Tulipotoka Chuo cha Ualimu cha Asumbi na vyeti vyetu, Migori na Homa Bay zilikuwa katika wilaya moja, Nyanza Kusini. Tangu mwaka 2013 ni kaunti mbili. Mpaka huo usitutenge.

Leo sote tu wastaafu, na mara nyingi twakutana matangani tu. Mchango wa jeneza hutumwa kwa simu siku ile ile, lakini nauli ya kumtazama mgonjwa haipatikani.

Basi nawasihi: kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amtembelee mwenzake mmoja. Sifa tunazomwekea marehemu, na azisikie angali hai.